Namna ya Kujifanya Batamzinga Jike Mbele ya Dume Mwenye Akili

Kila majira ya kuchipua nchini Marekani, kuanzia Machi kule Florida hadi mwanzoni mwa Juni kule Maine, watu wazima wenye kazi na heshima zao huamka saa tisa usiku, wakavaa mabakabaka kuanzia kofia hadi soksi, wakafunika nyuso kwa wavu, wakaenda kukaa gizani chini ya mwaloni. Wakishatulia, hutoa mfukoni kisanduku cha mti au kisahani cha jiwe na kuanza kulia kwa sauti ya batamzinga jike anayetafuta mume. Wanamngoja dume aje. Siku nyingi wanaokuja ni mbu.

Nawaheshimu sana watu hawa, na mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuwa mmoja wao. Wasomaji wetu waliohamia Kentucky, Iowa, Ohio na Pennsylvania wanaishi kwenye majimbo yenye batamzinga wa porini, na jirani akikualika msituni mwezi wa Aprili ni vizuri uende ukijua kipi kinashikwaje.

Ugumu wa kwanza ni wa maumbile. Kwa batamzinga, dume ndiye anayetangaza. Jioni hupanda mtini kulala, na kabla jua halijachomoza hunyoosha shingo na kuachia ule mlio wake wa gulugulugulu, unaosikika zaidi ya kilomita moja kukiwa shwari. Kisha hushuka, hukunjua mkia, na majike humfuata alipo. Wewe uliyekaa chini ya mwaloni unamtaka afanye kinyume. Unamwomba bwana harusi atoke ukumbini, aache wageni, akamtafute bibi harusi aliyegoma kushuka garini. Huna mahari, huna mshenga, una sauti tu. Ndiyo maana chombo unachotolea sauti hiyo kinastahili kuchaguliwa kwa makini na kutunzwa kuliko saa yako ya mkononi.

Dukani utakuta ukuta mzima wa vyombo vya kuitia, na utatamani vyote. Nunua kimoja. Ukishajua kukiliza, rudi ununue cha pili. Mwindaji mwenye fulana ya mifuko kumi na minne, kila mfuko una chombo chake, hutumia asubuhi yake akifungua zipu, na batamzinga husikia zipu vizuri sana.

Cha kuanzia ni kisanduku. Ni boksi jembamba la mti ambalo mbavu zake mbili zimekwanguliwa zikawa nyembamba, na juu yake kuna pedeli la mti lililofungwa upande mmoja kwa skrubu na springi. Unalivuta pedeli juu ya ukingo wa ubavu, mti unasuguana na mti, na kisanduku kinasema kyau, kyau, kyau. Henry Gibson wa Dardanelle, Arkansas, alikipatia hataza mwaka 1897. Mwaka 1940 M. L. Lynch wa Birmingham, Alabama, akaanza kuuza cha kwake, akakipa jina lililoahidi kwamba hata mjinga hawezi kukikosea. Ahadi hiyo ina ukweli mwingi. Mtoto anayejua kufungua na kufunga mlango anaweza kukiliza kisanduku kizuri, na dume akamjibu.

Usikichague kwa rangi ya mti wala kwa picha ya dume iliyochongwa juu yake. Funga macho, vuta polepole, sikiliza. Mlio wa jike una sehemu mbili: huanza juu ukiwa mwembamba na safi, kisha huvunjika na kushuka kwa mkwaruzo. Kisanduku chenye sehemu moja tu kirudishe rafuni hata kama kimepigwa vanishi mpaka unajiona usoni. Jaribu ubavu wa pili pia, maana mafundi wazuri huupa kila ubavu sauti yake, mmoja wa jike aliyekomaa na mwingine wa jike kijana. Mwerezi hutoa sauti tofauti na mahogani, na mahogani tofauti na cheri, lakini mkono wa fundi huamua zaidi kuliko jina la mti.

Matunzo yake ni chaki na kujizuia. Paka chaki upande wa chini wa pedeli na juu ya kingo za mbavu. Iwe chaki isiyo na mafuta wala nta, ile inayouzwa kwa kazi hii. Chaki nyingi za darasani zina kitu cha kuzishikamanisha, nacho hukaa juu ya mti mpaka pedeli liteleze bila kusema. Chaki iliyoganda ipanguse kwa kitambaa kikavu. Msasa usiusogeze karibu kabisa. Upande wa chini wa pedeli umekwanguliwa kwa mviringo hafifu ambao jicho halioni, na fundi aliutafuta kwa sikio, mkwaruzo baada ya mkwaruzo. Baba mwenye nia njema na msasa wa kusafishia dirisha anaweza kuumaliza kwa dakika moja. Skrubu nayo iache ilivyo. Ikikushinda kuiacha, chora alama ya penseli kwanza ili ujue pa kurudi.

Mti uliolowa haulii. Mvua ikinyesha, chukua mfuko wa plastiki wa mkate, ingiza kisanduku na mikono yako ndani, ukilize humohumo. Hii ni mbinu ya wazee wa kusini mwa Marekani na haijapata mpinzani. Ukiwa njiani, weka kitambaa kati ya pedeli na mbavu au ulifunge kwa mpira wa noti, kwa sababu kisanduku kisichofungwa hulia chenyewe kila ukipiga hatua, na dume akisikia jike anayelia kwa mwendo wa buti hujua kuna jambo.

Kisahani ndicho ninachokipenda zaidi, na hapa nitakaa kidogo.

Ni chungu kifupi cha mti au plastiki, kipenyo chake kama sentimita 9, juu kimefunikwa kwa bamba la sleti, kioo au alumini, na chini kina matundu ya kutolea sauti. Ndani yake kuna bamba la pili lisiloonekana, lililosimama juu ya nguzo ndogo, na ukipasua kisahani kwa udadisi utakuwa umejifunza jambo zuri na kupoteza kisahani. Kishike kwa ncha za vidole ili kiganja kisizibe matundu. Kijiti kishike namna unavyoshika kalamu, ukiilaza kidogo sehemu ya juu ielekee katikati ya kisahani. Chora mistari mifupi au viyai vidogo, na ncha isiinuke juu ya bamba hata mara moja. Karibu na ukingo sauti huwa juu, ukielekea katikati hushuka. Ukibana na kuvuta mara moja kwa ghafla, unapata kok! ya jike aliyetulia. Ukivuta mstari mrefu polepole sana, unapata prrr, mkoromo wa jike anayekula na kuridhika. Mkoromo huo ndio unaomleta dume hatua kumi za mwisho, na hakuna chombo kinachouiga vizuri kuliko sleti.

Sleti ni laini na ya karibu. Kioo ni kikali na hufika mbali. Alumini hupenya upepo, kwa hiyo inafaa asubuhi ambayo matawi yanapiga kelele. Ukinunua kimoja tu, nunua sleti, halafu pesa iliyobaki iweke kwenye vijiti. Watu wengi hununua visahani vitano na kijiti kimoja, na hapo ndipo wanapopoteza. Badilisha kijiti juu ya sleti ileile, na jike mmoja anakuwa wawili. Cha hikori kina sauti yake, cha mti wa zambarau wa Amerika ya Kusini kina yake, cha kaboni hulia hata kwenye unyevu. Na miongoni mwa miti inayothaminiwa na mafundi wa huko ni mpingo, huuhuu wa Kilwa, Lindi na kaskazini mwa Msumbiji, unaotengenezewa klarineti. Mti huu huchukua miongo mingi kukomaa. Kijiti cha mpingo kina uzito wake na sauti kavu, safi, ya juu. Ukimwona mtu wa Missouri anacho, mwambie kimetoka kwenu, na kwamba asikitumie kuchochea moto wa kahawa.

Sasa matunzo. Adui wa kisahani ni kidole. Ngozi ina mafuta, na mafuta yakigusa sleti kijiti huteleza. Aliyekula sambusa na kufuta mikono kwenye suruali asishike bamba mpaka mwakani. Kisahani kishikwe ubavuni, kikae kwenye mfuko wake wa kitambaa, na kijiti kikae mbali na jasho. Sleti husafishwa na kukwaruzwa kwa dodoki la kijani la kusugulia sufuria, jipya, ambalo halijawahi kuona sabuni wala mchuzi. Kioo kinahitaji msasa wa chembe 80 au 100, na alumini pia inataka kukwaruzwa. Kioo na alumini vikwaruze kwa mwelekeo mmoja mpaka ung'avu uishe mahali unapochezea, kisha piga vumbi kwa pumzi, tena pumzi kavu, si mate. Kijiti kivutwe kukatiza mikwaruzo, kisiende sambamba nayo. Wengi hukosa hapa, wakalaumu fundi. Ncha ya kijiti nayo huota ung'avu kwa kusuguliwa, kwa hiyo iguse kwa msasa kidogo kila asubuhi kabla ya kutoka nyumbani. Fanya haya sebuleni. Msasa msituni una sauti, na sauti hiyo haipo katika lugha ya batamzinga.

Chombo cha tatu ni utando wa mdomoni. Ni kifremu cha bati chenye umbo la kiatu cha farasi kilichobana vipande vya mpira mwembamba, kimoja hadi vinne, na kuzungushiwa utepe. Mafundi hutumia mpira wa aina inayotengenezewa kondomu, na wanautaja hivyo mbele ya wateja bila kuinamisha macho. Unaubandika kwenye kaakaa, mkato ukielekea mbele, unaukandamiza kwa ulimi na kusukuma hewa kutoka tumboni. Wiki ya kwanza utatapika kidogo. Punguza utepe kwa mkasi, kidogo kidogo, mpaka ukae bila kukugusa koromeo. Mwenye mzio wa mpira asithubutu. Faida yake ni moja, nayo ni kubwa: mikono inabaki huru na haisogei. Batamzinga huona karibu pande zote za kichwa chake na hutambua rangi vizuri. Mkono unaosogea kwenye kisanduku akiwa mita 35 unatosha kumwondoa bondeni.

Fanya mazoezi ndani ya gari, peke yako, vioo vikiwa juu. Usifanye jikoni. Ndoa ni muhimu kuliko dume, na mkeo au mumeo hakuchagua kuishi na jike wa pili.

Utando unakufa kwa joto. Ukiuacha kwenye dashibodi ya gari mwezi wa Mei, jioni utakuta mpira umelegea na hausemi neno. Kila ukitoka porini usuuze kwa maji baridi, ukaushe kivulini, ingiza kijiti cha kuchokolea meno katikati ya tabaka za mpira zisigandane, kisha uweke kwenye friji ndani ya kikopo chenye jina lako. Jina liandikwe kwa herufi kubwa, kwa ajili ya wageni wanaotafuta jibini.

Kuna kisanduku cha kusukuma kwa kidole kimoja, ambacho kila anayeanza hukiweza papo hapo. Kina sauti nzuri na lugha fupi. Kiwe chombo cha akiba.

Mfupa wa bawa unahitaji heshima zaidi. Wenyeji wa asili wa Amerika walijua kuutumia kabla ya sanduku na kioo. Huunganishwa mifupa mitatu ya bawa la batamzinga, mwembamba ukiingia ndani ya mnene, na mlio hutolewa kwa kuvuta hewa ndani kwa midomo iliyobana, kama… basi, unaubusu. Wa jike unafaa zaidi kwa sababu mifupa yake ni myembamba. Charles Jordan, mwindaji aliyeijua kazi hii kuliko wengi wa enzi zake, aliuawa na jangili mwaka 1909. Karatasi zake zilimfikia Edward McIlhenny wa Louisiana, wa ile familia ya pilipili ya Tabasco, akazitoa kuwa kitabu mwaka 1914. Ukitengeneza wako, chemsha mifupa, toa uboho wote, uikaushe vizuri kabla ya gundi. Uboho uliobaki utakukumbusha mwezi wa Julai.

Kabla ya kumwita dume, lazima ujue alipo, na kazi hiyo ni ya bundi. Gizani, mwindaji huiga mlio wa bundi wa msituni, na dume aliye juu ya mti hushtuka na kulia bila kukusudia. Anayesoma haya akiwa Tanga au Pangani, ambako bundi akilia juu ya paa watu hunyamaza wakatazamana, ajue kwamba Marekani kuna mashindano ya kulia kama bundi na washindi hupewa zawadi. Jua likitoka, sauti ya kunguru hufanya kazi hiyohiyo. Piga mara moja, nyamaza, sikiliza.

Kumwita ndege si ujuzi wa Wamarekani peke yao. Wahadza wa Ziwa Eyasi humpigia mluzi mlembe awaonyeshe mzinga wa asali, naye huja. Magharibi ya Kenya, watega kware hutundika kware hai kwenye vitundu juu ya mti mrefu ili wawaite wenzao walio nyikani. Wa Siaya wamemwajiri ndege mwenyewe. Wa Alabama wamejitwisha kazi ya ndege, na lazima waijue lugha.

Lugha hiyo Joe Hutto aliisoma kwa ukaribu ambao wachache wameufikia. Alilea vifaranga wa batamzinga wa porini kule Florida tangu walipototolewa, akaishi nao kila siku, na kitabu chake kilitoka mwaka 1995. Msome, kisha uende Nashville mwezi wa Februari, kwenye mashindano makubwa ya kuita, usikilize mabingwa. Wanalia vizuri ajabu. Lakini jukwaani huamua binadamu, na msituni huamua dume, na majike wengi halisi wana sauti mbovu, za kukwama na kukatika, na wanaolewa kila mwaka. Usikate tamaa kwa noti iliyopasuka. Kinachomfukuza dume ni wingi wa maneno.

Hapa ndipo vyombo vizuri vinapoharibiwa na watu wazuri. Dume amejibu, moyo unadunda, na mwindaji anaendelea kyau kyau kyau mfululizo. Dume husimama alipo, hukunjua mkia na kungoja huyo jike mwenye shauku namna hiyo aje mwenyewe, kama maumbile yanavyotaka. Akishajibu mara mbili huku anakaribia, weka kisahani chini, kifudifudi, juu ya majani makavu yasiyo na umande. Ngoja. Utasikia mpigo mzito wa kifuani mwake kabla ya kumwona. Kukaa kimya dakika arobaini ni sehemu ngumu kuliko zote za mwongozo huu, na haiuzwi dukani.

Yapo ya kufa na kupona, na hayo yasikilizwe bila kutabasamu. Kwenye ardhi ya umma usilie kwa sauti ya dume, maana mwindaji mwingine anaweza kukujia na bunduki akiamini wewe ndiye. Usivae nyekundu, nyeupe, buluu wala nyeusi, hata soksi, kwa kuwa ndizo rangi za dume kuanzia kichwani hadi mwilini. Kaa ukiegemea mti mpana kuliko mabega yako. Ukimwona mtu anakuja, paza sauti ya binadamu, usimpungie mkono. Spika na sauti za kurekodi zimekatazwa kwa uwindaji huu katika majimbo mengi, na saa za kufunga hutofautiana. Kuna majimbo ambayo mchana ukifika umemaliza. Soma kanuni za jimbo lako kabla ya kununua chaki.

Haya yote yanawezekana kwa sababu kuna ndege wa kujibu, na hilo lilikaribia kukosekana. Kufikia 1920 batamzinga wa porini walikuwa wametoweka katika majimbo 18 kati ya 39 walikoishi zamani, kwa kuwindwa bila kikomo na kufyekwa kwa misitu. Serikali za majimbo zilijaribu kufuga vifaranga na kuwaachia, wakafa kwa wingi, kwa sababu hawakuwahi kulelewa na mama wa kuwafundisha mlio wa hatari na mlio wa kukusanyika. Kilichofaulu ni kuwakamata wa porini na kuwahamishia misitu mingine, kazi iliyoshika kasi baada ya wataalamu wa South Carolina kutumia wavu wa kurushwa kwa mizinga mwaka 1951. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwenye kodi ya bunduki na risasi iliyoelekezwa kwa wanyamapori na sheria ya mwaka 1937, yaani mifukoni mwa wawindaji wenyewe.

Miaka ya karibuni idadi yao imeshuka tena katika majimbo kadhaa ya kusini, na baadhi yamechelewesha msimu au kupunguza idadi ya madume anayoruhusiwa mtu mmoja. Kwa hiyo, ndugu yangu, ukimpata dume, toa taarifa kwa idara ya wanyamapori ya jimbo lako ndani ya muda uliowekwa, kwa simu au kwa programu yao. Hesabu hizo huwasaidia kuupanga msimu wa mwakani.